Kikombe cha mchele ni gramu ngapi? Kwanza nionyeshe kikombe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Tanga. Nyumbani napika pilau kwa kipimo kimoja miaka yote: glasi nne za mchele, glasi saba za maji ya supu, tunakula watu sita na haijawahi kuniangusha. Sasa nimekabidhiwa sufuria kwenye hitima ya bibi yetu, watu themanini, na mchele nitaununua kwa kilo. Nimetafuta kikombe kimoja cha mchele ni gramu ngapi, nimekuta 150, kwingine 180, 185, 200, hadi 225. Ipi ni ya kweli? Mama anasema nitumie kopo la bati la marehemu bibi, alilokuwa akiliita kibaba, ila hakuna anayejua linaingia kilo ngapi. Nisaidie niende sokoni na hesabu, nisije nikapika bokoboko mbele ya ukoo mzima.

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu bibi.

Zote tano ni za kweli. Kila namba uliyoikuta imepimwa na mtu mkweli, ila kila mmoja alikuwa na kikombe chake. Mwenye 150 alitumia kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Kile ni kipimo cha Kijapani cha mililita 180, na Wajapani hupima mchele wao mfupi wa mviringo, unaoshikana. Mwenye 185 alitumia kikombe cha Kimarekani, ambacho ni mililita 237 hivi, akajaza mchele mrefu wa kawaida. Wa 180 naye alikuwa na kikombe hicho hicho cha Kimarekani, ila alitia basmati, ambayo punje zake nyembamba hazilali vizuri pamoja. Wa 200 alikuwa na kikombe cha robo lita, yaani mililita 250. Na wa 225 alifuata vitabu vya zamani vya Kiingereza, ambako kikombe ni nusu painti, mililita 284.

Sasa chukua kila gramu ugawe kwa mililita zake uone kinachotokea. 185 kwa 237 ni 0.78. 200 kwa 250 ni 0.8. 225 kwa 284 ni 0.79. Hata 150 kwa 180 ni 0.83, na hiyo ni kwa sababu ya mchele mfupi niliokwambia. Namba zilizokuchanganya zinasema neno moja: mchele mkavu, mweupe, uliofutwa juu, una uzito wa gramu 800 hivi kwa kila lita moja. Hiyo 0.8 ndiyo ya kuishika. Mililita za chombo chochote, zidisha kwa 0.8, unapata gramu. Ukitaka kurudi nyuma, kilo moja ya mchele inajaza lita moja na robo.

Kwa nini usiwe gramu 1000 kama maji? Si kwamba mchele ni mwepesi. Tupa punje moja ndani ya maji, inazama moja kwa moja, maana punje yenyewe ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu. Kinachopunguza uzito ni hewa iliyo katikati ya punje. Katika kikombe cha mchele, karibu nusu ni hewa. Ukilielewa hili umeelewa ugomvi wote wa vipimo vya ujazo, kwa sababu chochote kinachobadilisha ile hewa kinabadilisha uzito, na kikombe kwa macho kinabaki kile kile.

Twende kwenye glasi yako. Sijui ni ya ukubwa gani, na wewe pia hujui, ndiyo maana tumefika hapa. Kama una mizani ndogo ya jikoni, weka glasi tupu juu yake, irudishe mizani isome sifuri, kisha ijaze glasi maji mpaka pale unapojazaga mchele. Gramu za maji ndizo mililita za glasi, hakuna kuzidisha wala kugawa. Kama huna mizani, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze, uimimine kwenye glasi uone zinatoka ngapi. Zikitoka mbili kamili, glasi yako ni mililita 250. Na kama hata hilo linakuchosha, nunua mchele kilo moja iliyopimwa mbele yako, ule ule utakaoupika, uchote kwa glasi yako ukihesabu. Ukipata glasi tano, glasi moja ni gramu 200. Ukipata sita, ni gramu 167. Hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inapima glasi, mchele na mkono wako kwa pamoja.

Nasema mkono kwa sababu ndio unaoleta balaa kuliko aina ya mchele. Watu wanaweza kukesha wakibishana kama Supa wa Kyela ni mzito kuliko wa Kilombero, au kama pishori ya Mwea kule Kenya ni nyepesi. Tofauti ipo, lakini ni ndogo: kati ya mchele mrefu mwembamba na mchele mfupi mnene ni gramu kumi na tano, ishirini kwa kikombe. Mkono unaotingisha glasi, ukaigonga mezani mara mbili mchele ukae, unaweza kuongeza karibu asilimia kumi bila mtu kuona. Na mkono unaojaza kichuguu ni hatari zaidi.

Hebu nikupe hesabu ya kichuguu, maana sijaona anayeieleza. Mchele mkavu ukiumwaga unajikusanya mlima wenye mteremko ule ule, mdomo wa chombo uwe mpana au mwembamba. Kwa hiyo mdomo ukipanuka, mlima unapanda na kupanuka pia. Glasi yenye mdomo wa sentimita 7 inabeba kichuguu cha gramu ishirini na kitu. Bakuli lenye mdomo wa sentimita 14, yaani mara mbili tu, kichuguu chake ni mara nane: gramu 180 na zaidi, kikombe kizima cha mchele kimekaa juu ya mdomo, nje ya bakuli! Ndiyo maana anayepima kwa bakuli hapati wali wa namna moja siku mbili mfululizo.

Tena kuna jambo nakuomba ulichunguze kwa uaminifu. Hizo glasi nne zako ni za kufuta au za kichuguu? Maji hayana kichuguu. Ukijaza mchele ukapanda mlima, kisha ukapima maji kwa glasi ile ile, unadhani unapika nne kwa saba, kumbe mchele wako ni nne na nusu. Nyumbani hakuna ubaya, mkono wako umezoea na wali unachambuka. Ubaya unakuja siku unapogeuza kwenda kilo, kwa sababu mizani haijui kichuguu chako.

Wazee wetu walilijua hili na wakalipa majina. Kibaba kilikuwa cha namna mbili: kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikapanda juu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa kikawa sawa na mdomo. Mtu akikopa cha tele halafu akarudisha cha mfuto, jirani alijua amepunjwa. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Katika hesabu za biashara za pwani, pishi moja ya nafaka ilichukuliwa kuwa ratili sita hivi, na kibaba ratili moja na nusu. Ratili ni gramu 450 na kidogo, kwa hiyo kibaba ni karibu gramu 680 na pishi inakaribia kilo mbili na gramu mia saba.

Lakini usilichukue kopo la bibi ukasema tayari, gramu 680. Kibaba cha nyumbani kilikuwa kopo lolote lililozoeleka: la maziwa ya unga, la mafuta ya kupikia, hata la rangi lililosafishwa. Lipime kwa maji kama nilivyokuonyesha. Likiingia maji mililita 850, basi bibi alikuwa na kibaba halali cha kizamani. Likiingia 500, hilo ni kopo tu, na vibaba vyake vinne havifiki pishi. Ukishapata jibu chukua msumari, uandike gramu chini ya kopo, wajukuu wasije wakaniandikia mimi tena.

Na usidhani mambo ya pishi yamepita. Kila Ramadhani ikikaribia kwisha swali hili hili linarudi misikitini kwa sura ya zaka ya fitri. Kilichofaradhishwa ni pishi, kipimo cha ujazo, na pishi ni vibaba vinne. Sasa watu wananunua kwa kilo, basi huyu atasikia kilo mbili na nusu, yule atasikia kilo tatu, na watauliza nani amekosea. La hukumu waulize masheikh, mimi ni mpishi. Kwa upande wa jikoni naweza kusema kwamba chombo kimoja kikijazwa mchele, tende au unga hakiwezi kutoa uzito mmoja, na kwamba kilo mbili na nusu za mchele zinajaza lita tatu na kidogo.

Tuje sokoni. Nunua kwa mizani, na simama uitazame ikisoma sifuri kabla mchele haujawekwa. Ikiwa muuzaji anapima kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne, mchele uliofutwa ndani yake ni kama kilo tatu na gramu mia mbili. Ndoo ya lita ishirini iliyofutwa ni kilo 16, na ikijazwa kichuguu inafika 18 hivi, kwa hiyo ukisikia "ndoo kilo ishirini" cheka kidogo, kisha uombe mizani. Kuna ndoo zilizobonyezwa kitako, zinaingia pungufu ya hapo. Wanunuzi wa jumla nao wana dhambi yao, lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima atoe zaidi kwa bei ile ile, na Wakala wa Vipimo wanahangaika nayo mpaka leo. Ujazo una mlango wa udanganyifu pande zote mbili.

Kama kuna ndugu shambani aliyeahidi kukuletea mpunga badala ya mchele, hesabu ni nyingine kabisa. Mpunga una maganda, ni mwepesi, ndoo ya lita ishirini ni kama kilo kumi na moja, na ukikobolewa unabaki na theluthi mbili, kilo saba na kitu. Mshukuru, lakini usiutegemee kwa siku hiyo.

Kwa watu themanini, tuanze na kile unachokijua tayari. Tuseme umepima na glasi yako ni robo lita ya kufuta. Glasi nne ni lita moja, gramu 800. Mnakula watu sita, kila mtu gramu 133 za mchele mkavu. Hicho ni kipimo kizuri cha shughuli, hakuna haja ya kukibadilisha. Mimi kwenye shughuli nahesabu kilo moja kwa watu wanane pakiwa na watoto na vitu vingine mezani, na kilo kwa watu saba kama pilau ndiyo kila kitu. Kwa themanini nakuwekea kilo kumi na nusu ndani ya sufuria, kwa hiyo nunua kumi na moja. Kuna mawe, kuna chenga, kuna utakaomwagika ukiupepeta. Chenga usizidharau katika kipimo: punje zilizovunjika zinaingia kwenye mianya, zinavimba haraka na kushikana, na mchele wenye chenga nyingi hata ukiupima kwa dhahabu hautachambuka. Zichambue, zihifadhi kwa ajili ya vitumbua.

Wengi wakishapata kilo wanadhani kazi imekwisha, na hapa kwenye maji ndipo nilipoaibika mimi mwenyewe. Harusi ya kwanza niliyopewa sufuria kubwa nilikuwa kijana, najua nyumbani napika moja kwa mbili, basi nikazidisha kila kitu. Mchele kilo kumi na mbili, maji mara mbili ya ujazo wake. Nilifunika, nikapalia makaa juu, nikaenda zangu kuoga. Niliporudi nikafunua nikakuta maji bado yanaogelea juu na chini mchele umeshakuwa uji. Watu walikula, waliniambia ahsante, na hakuna aliyeniita tena mwaka mzima.

Kosa langu lilikuwa hili. Maji unayotia kwenye sufuria yana kazi mbili. Mengine yanaingia ndani ya punje, na hayo yanafuata uzito wa mchele: mchele ukiongezeka mara kumi, nayo yanaongezeka mara kumi. Mengine yanatoka kwa mvuke, na hayo hayajui kama umetia kilo moja au kilo kumi. Yanafuata ukubwa wa mdomo wa sufuria, kifuniko kimekaa vipi, na moto umewaka muda gani. Kwenye sufuria ndogo ya nyumbani mvuke unakula sehemu kubwa. Kwenye sufuria ya shughuli unakula sehemu ndogo sana ukilinganisha na kilichomo.

Weka namba uone. Mchele wa pilau inayochambuka unanywa maji mara moja na nusu ya uzito wake. Wali laini wa kulia maharage unakwenda hadi mara moja na robo tatu, karibu mara mbili, lakini wewe unapika pilau. Nyumbani mchele gramu 800 unanywa lita moja na mililita mia mbili za maji. Wewe unatia glasi saba, lita moja na robo tatu. Ile nusu lita na kidogo iliyozidi inatoka kwa mvuke, na sufuria yako na jiko lako vimezoea hivyo.

Sasa zidisha kama nilivyofanya mimi. Kwa kilo kumi na nusu, glasi saba kwa kila nne zinakupa karibu lita 23 za maji. Mchele utakunywa lita 15 na robo tatu. Zinabaki lita saba na kitu zinazotafuta njia ya kutoka, na sufuria kubwa iliyofunikwa vizuri, kwa muda ule wa kuivisha, haitoi zaidi ya lita mbili na nusu. Lita tano hazina pa kwenda isipokuwa kwenye mchele. Hilo ndilo bokoboko unaloliogopa, na haliletwi na mkosi wala macho ya watu.

Kwa hiyo acha kuzidisha glasi za maji. Pima mchele kwa kilo, zidisha kwa moja na nusu upate lita za kunywewa, kisha ongeza za mvuke. Tena nakushauri ugawe sufuria mbili. Kilo kumi kwenye sufuria moja, mchele wa chini unabebeshwa mzigo wa wa juu, unapondeka kabla wa juu haujaiva, na kugeuza inakuwa kazi ya wanaume wawili na mwiko kama kasia. Kila sufuria itie kilo tano na robo. Zitakunywa karibu lita nane, ongeza lita moja na kidogo ya mvuke, jumla lita tisa. Tisa hizo ni kila kilicho majimaji: supu ya nyama, maji ya kuongezea, na tui kama unatia tui. Nyanya na maziwa ya mgando navyo vina maji yake, ukitia kwa wingi punguza nusu lita, utaongeza mwishoni ikibidi. Kuongeza kikombe cha maji ya moto ni rahisi. Kuyatoa hakuna mtu aliyewahi.

Ukitaka kujua sufuria yako inatoa mvuke kiasi gani kuna njia ya kupima, na mama atakucheka ukifanya, lakini fanya. Pika pilau ndogo wiki moja kabla. Kabla ya kuwasha moto pima sufuria ikiwa na kila kitu ndani, na ikishaiva ipime tena na kila kitu. Uzito uliopungua ndio mvuke. Kwa sufuria za shughuli azima mizani ya kuning'iniza kwa muuza mkaa, na tafuta mtu mwenye mikono ya kuibeba.

Hesabu hii ni ya mchele mkavu, na wewe bila shaka unauosha na kuuroweka. Mchele ukiloa nusu saa unabeba maji, robo ya uzito wake na zaidi, na punje zinavimba. Kwa hiyo usipime mchele uliorowekwa kwa glasi wala kwa kopo la bibi. Ile 0.8 haifanyi kazi tena, hewa imepungua na punje zimekunywa. Pima mkavu kwanza, andika, ndipo uoshe. Halafu fanya jambo ambalo glasi haiwezi kukufanyia: ukishauchuja vizuri, pima tena. Uliingia kilo tano na robo, umetoka kilo sita na robo tatu? Basi lita moja na nusu imo ndani tayari. Katika zile lita tisa, tia saba na nusu tu. Wanaosema "mchele huu umenisaliti, jana ulitaka maji mengi leo umelainika" mara nyingi jana hawakuroweka, leo wameroweka.

Muulize pia muuzaji mchele ni wa msimu huu au wa zamani. Mchele mpya bado una unyevu wake na hulainika upesi, mchele uliokaa mwaka ghalani unakunywa zaidi na unachambuka vizuri. Wapishi wa biriani wanautafuta wa zamani kwa makusudi. Ukipewa mpya, anza na lita nane na nusu kwa kila sufuria badala ya tisa, uangalie.

Umeniuliza kuhusu vikombe, na huenda siku moja utapika kwa maelekezo ya mtu wa mbali, kwa hiyo niongeze hili. Ukikuta mapishi ya Marekani yameandika kikombe kimoja cha wali ulioiva, usikichanganye na kikombe cha mchele. Wali ulioiva ni gramu 160 hivi kwa kikombe chao, ukiwa haujashindiliwa, na kilo moja ya mchele mkavu hutoa kilo mbili na nusu za pilau kavu, au kukaribia tatu ukipika wali laini. Kilo zako kumi na nusu zitakupa kama kilo 26 za pilau, bila kuhesabu nyama na viazi. Gawa kwa themanini, kila sahani gramu 325 za wali. Mwambie anayepakua achote upawa mmoja, aupime mara ya kwanza mbele yako, ajue ni upawa mmoja na nusu au miwili. Shughuli nyingi mchele unatosha kabisa, ila mpakuaji ana upendeleo kwa wajomba zake.

Na hicho kikombe kidogo cha sufuria ya umeme, kwa walio nacho: msikitupe. Mistari iliyochorwa ndani ya sufuria ile inafuata kikombe hicho cha mililita 180. Ukikipoteza ukaanza kuchota vikombe vitatu kwa kikombe cha chai cha robo lita, ukajaza maji mpaka mstari wa tatu, umetia mchele wa vikombe vinne na maji ya vitatu. Utapata wali wenye kiini na utaulaumu umeme.

Kwa hitima nunua mchele siku tatu kabla, kutoka gunia moja, ufunguliwe ukiona. Ongeza kilo moja ya majaribio juu ya zile kumi na moja, uihesabu kwa glasi yako, upike kwa lita moja na nusu na nyongeza ya mvuke ya sufuria yako, uone unavyochambuka. Zile kumi na moja zilizobaki utakuwa umeshazijua. Nusu ya pilau hiyo mpelekee mama, maana kopo ni la mama yake.